Usukani Ulikuwa Mwepesi

Akello mwanangu,

Nimekutuma soko la Owino kutafuta koti, lakini koti halikuwa na haraka hivyo. Nilitaka utoke nyumbani. Nina maneno ambayo mdomo wangu umekataa kuyasema huku unaniangalia, na kesho asubuhi unapanda basi la Eldoret kwenda kuanza kazi. Kwa hiyo nimekaa hapa kwenye kiti cha cherehani na daftari lako la zamani, lile lililobaki na kurasa nyingi tupu. Unajua shule yangu iliishia darasa la nne, kule kwenye kambi ya jeshi, na Kiswahili changu ni cha maaskari na cha sokoni. Utasoma hivyo hivyo. Pale nilipokosea, ruka uendelee.

Sitaandika habari ya blanketi wala ya kupika. Hayo nimeyasema mpaka umeziba masikio. Nataka kuandika juu ya neno ulilolisema Jumapili.

Jumapili Tanti Furaha alikuja kula na sisi, na Kiswahili chake cha Kongo. Ulimchorea ile mashine ya kutia vitambaa rangi kwenye karatasi ya mkate, ukamwambia, "Tanti, nitakuwa kwenye jeti. Kazi yenu ileile ya zamani."

"Eh! Weye utakuwa bosi ya jeti?"

"Si bosi. Opareta."

"Basi chunga mikono, mtoto yangu," akasema, akauinua ule mkono wake wa kulia, na vile vidole vilivyoshikana.

Ukacheka. Ukasema, "Usiogope, Tanti. Mimi sitalazimisha mlango kama wewe. Mimi nimesoma."

Furaha naye akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Kweli kabisa," akasema. "Mimi nilikuwa na kichwa nguvu."

Na mimi nikacheka, Akello. Nilicheka pamoja nanyi. Kicheko kile kimekaa kooni kama mwiba wa samaki mpaka leo. Furaha hakulazimisha mlango. Aliyemuunguza ni mimi.

Sasa umeshasoma neno lenyewe. Kama unataka kuacha hapo, sitakulaumu. Lakini nakuomba usome hadi mwisho, kwa sababu mashine ile ndiyo unayoiendea, na umeibeba kichwani pamoja na uongo wangu.

Wewe unaijua jeti kwa vitabu. Mimi niliijua kwa mgongo. Lile pipa refu la chuma, limelala kama tangi la mafuta. Tulikuwa tunaingiza kitambaa kimesokotwa kama kamba, maji ya rangi yanakisukuma kupitia kile kinywa chembamba, kikirudi tunakamata ncha mbili tunazishona pamoja, basi kinakuwa pete. Kinazunguka, kinazunguka, hakina mwanzo wala mwisho, saa na saa. Nilikuwa napenda kukiangalia kwenye kile kidirisha. Nilikuwa nasema moyoni, kitambaa hiki kinasafiri kuliko mimi.

Pamba haikuwa na shida. Pamba maji yake hayafiki kuchemka. Shida ilikuwa polista, kile kitambaa cha nyuzi za plastiki. Polista haishiki rangi mpaka maji yapite kuchemka, yafike mia moja na thelathini, na maji hayafiki huko kama hujayafungia. Yakifungiwa yanatulia, yanakudanganya. Ukiyafungulia kabla ya saa yake, yanaamka yote mara moja.

Kwa hiyo mlango wa jeti yetu ulikuwa na usukani wa kuufungia, kama usukani wa lori, na kando yake kidole cha chuma. Presha ikiwa ndani, kidole kinasimama, kinazuia usukani. Presha ikiisha, kidole kinashuka, usukani unazunguka. Hivyo tu. Hata mtu asiyejua kusoma aliweza kukisoma kile kidole.

Lakini polista hutoa unga mweupe. Bila shaka walikufundisha. Unga ule ulikuwa unaingia kila mahali. Ulikuwa unakigandisha kidole kikiwa juu, hata siku ya pamba, hata mashine ikiwa tupu kabisa. Usukani unakataa, kitambaa kinangoja, mtu wa rangi anapiga kelele anataka kipande akipeleke dirishani akilinganishe. Fundi tulimwambia. Alikuwa anasema, "Kesho nitasafisha." Kesho yake ilikuwa na shughuli nyingi.

Mimi ndiye niliyepata dawa. Wote tulikuwa tunavaa kiunoni vile vitepe vya ukingo wa kitambaa, vya kufungia marundo. Siku moja ya pamba nilikivuta kidole chini kwa nguvu, nikakifunga na utepe kwenye bomba la chini yake, kikakaa. Usukani ukazunguka kama mpya. Wenzangu wakapiga makofi. "Mama Akello fundi!" Furaha ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. "Mwanamke wa kambi huyu! Atafunga hata jela!"

Nilifurahi. Ninakuambia kweli, sikumbuki siku nyingine katika kiwanda kile niliyofurahi vile. Mtu wa darasa la nne, na fundi ameshindwa.

Tukajiwekea desturi. Siku ya pamba, kidole kinafungwa. Aliyekifunga ndiye anakifungua kabla ya kutoka zamu, ili zamu inayofuata isikikute kimefungwa ikiwa wamepewa polista. Haikuandikwa popote. Ilikuwa mdomoni mwetu tu. Na kila siku nilikuwa nakifungua. Kila siku, Akello, isipokuwa moja.

Unataka kujua niliharakia nini siku hiyo? Nyanya. Gari la wafanyakazi lilikuwa linapitia soko la Kalerwe, na nilitaka kushuka pale kabla wenye nyanya hawajakunja mifuko yao. Dereva akapiga honi. Nikatupa aproni kwenye msumari, nikakimbia. Wewe ulikuwa na miaka miwili, baba yako alikuwa kwenye kambi ya Moroto, na mimi nilikuwa nafikiria mchuzi. Kidole nilikiacha kimefungwa. Utepe ulikuwa mdogo, umejificha nyuma ya usukani. Ungelazimika kuinama ndipo uuone.

Furaha akaingia zamu. Mpango ulikuwa umebadilika, wakampa polista, nguo ya sare za shule, rangi ya maruni. Akapakia, akashona ncha, akafunga mlango, akapandisha moto. Kila kitu kama inavyotakiwa. Muda ukafika, akaanza kupoza. Mshale wa presha ukashuka hadi sifuri. Akafungua lile bomba dogo la kutolea mvuke, likapiga filimbi kidogo, likanyamaza. Halafu akajaribu usukani, kwa sababu ndivyo tulivyofundishana, usukani ndio wa mwisho kuulizwa. Ukikataa, unangoja.

Haukukataa.

Baadaye walikuta mshale na lile bomba dogo vyote vimezibwa na unga. Kwa hivyo kosa halikuwa langu peke yangu. Lakini bado kulikuwa na kimoja cha kumwambia ukweli, na hicho nilikuwa nimekifunga mdomo mimi.

Sitaandika yaliyotoka mlangoni. Mkono wake umeuona tangu unajifunza kuongea, na shingo anaificha kwa kitambaa.

Nilisikia asubuhi getini. Askari wa mlangoni aliniambia, "Rafiki yako wa Kongo ameungua kwenye jeti." Na hapo hapo, Akello, kabla ya kuuliza kama yuko hai, kichwa changu kilikwenda kwenye utepe. Ninataka ulijue hilo. Utepe ulikuja kwanza, Furaha akaja wa pili.

Nikaingia ndani. Sakafu ilikuwa imeoshwa. Fundi alikuwa bado hajafika. Nikainama, nikauona, umekuwa maruni. Nilikuwa na wembe wa kukatia mishono. Nikaukata, nikauficha kifuani, nikasimama. Hata dakika haikuisha. Jioni nikautia kwenye makaa ya sigiri chini ya sufuria yako ya uji. Haukutaka kuungua vizuri.

Fundi alipokuja, kidole kilikuwa huru, hakina kosa. Msimamizi akatazama, akasema, "Huyu amelazimisha usukani." Halafu akanigeukia. "Wewe si rafiki yake? Ni mtu wa haraka haraka huyu, si kweli?"

Nikasema, "Ndiyo, bosi. Ana haraka."

Maneno manne tu. Wakayaandika. Furaha alitoka hospitali akakuta hana kazi, na hana cha kudai, kwa sababu kosa ni lake. Ndiyo maana nilimtafutia chumba hapa karibu. Ndiyo maana nilimfulia, nikamchana nywele, nikampa mtoto wangu ampakate kwa mkono uliobaki. Majirani wakasema, tazama Mama Akello, upendo wa namna gani ule, na huyo si hata kabila lake. Na mimi nikawaacha waseme. Baada ya miaka michache hata mimi nilianza kuamini. Unaweza kumpenda mtu kweli, mwanangu, na upendo wenyewe ukawa umekalia kitu. Nilimpenda. Nampenda. Hicho si uongo. Lakini kila sahani niliyompelekea nilikuwa naangalia kwanza kama anajua.

Sasa nikuambie ninachokiogopa.

Najua utaniambia mashine za siku hizi zina skrini, zina kompyuta, haziwezi kufunguka kabla ya wakati. Ulishaniambia, ukanionyesha kwenye simu. Mwanangu, kidole chetu pia hakikuweza. Watu waliokitengeneza walikuwa wamesoma. Walifikiria moto, walifikiria presha, walifikiria mtu mjinga. Hawakufikiria mama mmoja mchapakazi na utepe wake.

Huko unakokwenda atakuwepo mtu kama huyo. Hatakuwa mtu mbaya. Atakuwa ndiye anayekupokea vizuri kuliko wote, anayekugawia chai, anayekuonyesha choo kiko wapi. Siku ya tatu atakuambia, "Hiki kitu kinasumbua, sisi tunafanya hivi." Atakuwa na plasta, au kipande cha waya, au kidole cha kubonyeza mahali fulani kwenye hiyo skrini. Na itafanya kazi. Hiyo ndiyo inayonitisha. Ule utepe wangu ulifanya kazi vizuri sana, siku nyingi sana.

Mwanzoni, walipokuandikia kwamba umepata nafasi, niliogopa utaungua. Sufuria ikiinua mfuniko nilikuwa nashtuka. Ulicheka ukaniuliza, "Mama, unapigana na chai?" Lakini tangu Jumapili hofu imegeuka, imekuwa kubwa kuliko ile. Ulivyosema "mimi nimesoma", ulisema kwa sauti yangu. Sauti yangu ileile ya siku ya makofi. Unafunga vitu kama mimi, unaharakia kama mimi, unapenda kusifiwa kama mimi. Siogopi tu kwamba utakuwa Furaha. Ninaogopa utakuwa mimi. Aliyeungua anajua alipoungua. Aliyefunga utepe anarudi nyumbani na nyanya.

Sina ushauri mkubwa. Nina huu mdogo, nilioupata kwa mkono wa mtu mwingine. Usukani ukikuwia mwepesi, usishukuru haraka. Inama utazame nyuma yake. Na kama siku moja umesahau kufungua kitu na gari linapiga honi, liache gari liende. Rudi kwa miguu. Na kama umechelewa kurudi, na limeshatokea, basi usiinamie ule utepe ukiwa na wembe. Uache pale. Wauone. Watakufukuza, na iwe hivyo, uje hapa nyumbani, nitakupokea. Hicho ndicho ninachokuomba kuliko chochote. Ningekuwa nimeuacha pale, Furaha angebaki na mkono mbovu, lakini angebaki na akili yake.

Hilo la akili nimelijua leo asubuhi. Ulipokuwa unaoga nilikwenda kwake.

Alikuwa anapanga vitenge mezani, pale kando ya barabara, anavinyoosha kwa kiwiko kama anavyofanya. Akaniona.

"Mama Akello! Mbona asubuhi hivi? Mtoto ameshaenda?"

"Bado. Kesho."

"Basi kaa. Usisimame kama polisi."

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaongea habari ya vitenge. Nikamwambia nikiwa nimesimama, yote, kama nilivyokuandikia, na nyanya nikazitaja. Katikati ya maneno mama mmoja akaja, akashika kitenge cha njano, akauliza bei. Furaha hakumgeukia. Akasema, "Mama, leo siuzi." Yule mama akaondoka anaguna.

Nilipomaliza akawa anakunja kitenge kilekile, anakikunjua, anakikunja.

"Kidole kilikuwa chini," akasema.

"Kilikuwa chini. Nilikifunga."

"Na utepe?"

"Niliukata."

"Mbele ya fundi hajafika."

"Kabla hajafika."

"Nilisema usukani ulikuwa mwepesi." Hakupaza sauti, Akello. Afadhali angepaza. "Pale hospitali, nilisema. Weye ulikuwa umekaa kwa kitanda, unanilisha uji. Nilikuambia weye. Nilisema, dada, sikulazimisha, ulikuwa mwepesi. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nilikumbuka. Nilitamani ardhi yote ya huu mtaa wetu wa Mengo inifunike.

"Ulisema ni homa inasema," akaniambia. "Ukanipangusa mdomo."

Nikaanza kulia. Akasema, "Usilie hapa. Watu watafikiri nimekufa." Halafu akautazama mkono wake, akaugeuza, kama mtu anayeangalia kitu alichookota. "Siku ya kwanza nilijua. Siku ya pili nilijua. Lakini wote walisema nililazimisha, na weye ulinyamaza, na weye hauna uongo, si njo vile nilifikiri? Basi nikaanza kujiona nalazimisha. Nikaona mkono unasukuma. Ninaona mpaka leo. Mutu anaweza kukumbuka kitu hakikufanyika, Mama Akello?"

Nikajifuta macho kwa kiganja. Yeye akaendelea kuniuliza.

"Mtoto anajua?"

"Hajui. Umemsikia Jumapili."

"Nilimsikia. Nilicheka sana." Akaweka kitenge chini. "Umwambie leo. Ukishindwa kwa mdomo, andika, unajua kuandika kidogo. Asiende kwa ile mashini na kichwani iko na uongo."

"Na sisi wawili, Furaha?"

"Sisi sijui. Leo ondoka kwa meza yangu."

Nikaondoka. Sikumwuliza kama kesho atakuja kukusindikiza kama alivyoahidi. Niliogopa jibu. Nilipofika kwenye kona niligeuka, alikuwa amesimama, mkono wake wa kushoto umeushika ule wa kulia, anauzungusha hewani polepole, kulia, kushoto, kama ameshika usukani. Anajaribu kukumbuka. Miaka yote hii, na nilikuwa namwona pale kila siku, nikidhani ananyoosha mishipa.

Basi Akello, kesho sijui atakuja au hatakuja. Akija, usijifiche nyuma ya begi. Wewe tangu utotoni ukimsalimia unashika vidole viwili tu, vile vizima, kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha usimwumize. Kesho shika mkono wote. Usimwambie pole, pole hiyo ni yangu na bado sijaimaliza. Usiombe anisamehe, wala usinitetee. Siku ile wewe ulikuwa mtoto mdogo, haikuhusu.

Mwambie neno moja tu. Walisema alilazimisha, mbele ya kiwanda kizima, na wewe juzi umelirudia hilo mbele ya chakula chake. Kwa hiyo usiseme kwa kunong'ona. Sema pale pale mlangoni mwa basi, abiria wasikie, kondakta asikie, na mimi nikiwa nimesimama karibu nisikie pia:

"Tanti, usukani ulikuwa mwepesi."

Na kama hatakuja, usipande basi kwanza. Nenda mezani kwake ukamwambie. Basi la Eldoret likiondoka, kuna lingine.

Mama yako